Mwaka Ouma Alipofundishwa Kupumua

Siku tulipomzika Achieng' sikulia. Wanawake wa ukoo wa mume wangu walisimama upande wa juu wa kaburi, mikono kichwani, wakipiga nduru kama inavyopaswa, na kila mgeni aliyefika alianza kulia tangu langoni ili asikike. Mimi nilisimama nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili. Nyuma yangu nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mwangalie Mikayi. Hata chozi moja." Mwenzake akajibu, "Atalia aje, na leo boma limebaki lake peke yake?" Mikayi ndivyo tunavyomwita mke wa kwanza, na mke wa kwanza ni mimi. Achieng' alikuwa wa pili. Sikugeuka. Walikosea kudhani kwamba nilikuwa nafurahi. Mimi nikiwa na uchungu hunyamaza, na nimekuwa hivyo tangu utoto. Lakini juu ya wivu hawakukosea, na kama nikiandika habari za mwaka ule nikauficha wivu, nitakuwa sijaandika kitu.

Siku ile wivu ulinijia kupitia kipaza sauti. Basi lilikuwa limeleta watu wa kwao Achieng' kutoka Homa Bay, na baada ya sala walipewa nafasi ya kumzungumzia marehemu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mnene mwenye miwani, alisema kwamba alipofiwa na mkewe alikuwa ameacha hata kuoga. Achieng' alikuwa amekwenda kuwaona ndugu zake. Alimkalisha mwalimu huyo kwenye kigoda, akamziba tundu moja la pua na kumwambia avute hewa kwa lile lingine. "Pua hiyo, Mwalimu, ilizibwa na mikono mingapi?" mtu akapaaza sauti kutoka kwenye hema, na watu wakacheka vile watu wanavyocheka matangani, wakifurahi kupata nafasi. "Vidole viwili tu," mwalimu akasema, "na vilinitosha." Akaja mama muuza samaki aliyevuka ziwa kutoka Mfangano, naye akasema hayo hayo. Kisha kijana mmoja. Kisha mwingine. Nami nilisimama pale nikihisi kama mtu anayetazama vyombo vyake vikigawiwa majirani. Miaka yote hiyo niliamini kwamba vidole vya Achieng' vilikuwa vimegusa pua ya bibi mmoja wa Kihindi, ya mume wangu, na yangu. Basi. Kumbe alikuwa amewashika watu kila mahali, na hakuwahi kuniambia.

Mwaka ninaousema ulianza shimo lilipoanguka. Ouma, mume wangu, alikuwa mchimbaji katika machimbo ya dhahabu kule Nyatike, na siku moja ya kiangazi magogo yaliyoshikilia udongo yalivunjika yeye na rafiki yake Otieno wakiwa chini. Walichimbuliwa kesho yake asubuhi. Otieno alikuwa amekufa. Ouma alikuwa hai, mguu umevunjika, macho yake makubwa kama ya mtu aliyeamshwa kwa kelele. Mguu ulikuwa umevunjika vibaya, kwa hiyo walimpeleka hospitali ya Homa Bay, mbali na nyumbani. Mimi nilibaki na watoto wawili wadogo na ng'ombe mmoja mwenye ndama, nami nikawa naenda kumwona Jumapili.

Jumapili ya kwanza nilimpelekea kuku wa kukaanga na ugali wa mtama, nimeufunga kwa kitambaa ili usipoe. Kitandani hakuwapo. Mgonjwa wa jirani akaniambia, "Huyo halali ndani, mama. Mlango ukifungwa anapiga kelele. Nenda nje, upande wa jikoni." Nilikwenda upande wa jikoni, nikamkuta kwenye benchi chini ya ukuta, magongo kando yake, macho amefumba, uso ameuinua kidogo. Mbele yake alisimama mwanamke nisiyemjua, mwembamba, kanga kiunoni, kidole gumba chake kimebana pua ya mume wangu. Nilidhani anatokwa na damu. Nilikimbia hata nikakaribia kuangusha kuku.

"Damu imeanza lini?" nikauliza.

"Si damu, mama," yule mwanamke akasema kwa upole, bila kuondoa mkono. "Anapumua."

"Kwani bila wewe hapumui?"

Ouma akafumbua macho. Hakuona haya hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Kama ningemkuta ana haya ningejua la kufanya. Aliniambia tu, "Mama Odhiambo, umefika. Huyu ni Achieng'. Anauza uji hapa." Kisha akala kuku wangu, akampa yeye paja.

Habari za Achieng' nilizisikia kidogo kidogo, nyingine kwake, nyingine kwa watu. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ya Wahindi wenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Homa Bay. Katika nyumba hiyo kulikuwa na mama mzee waliyemwita Ba, jina ambalo kwao ni mama. Kila asubuhi kabla ya chai, Ba aliketi juu ya mkeka, mgongo wima, akavuta hewa kwa tundu moja la pua na kuitoa kwa lingine, kisha akageuza. Upande mmoja aliuita jua, upande mwingine mwezi, na alisema mtu asiyelala ni mtu ambaye jua na mwezi wake vinagombana. Lakini vidole vya Ba vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, havifiki tena puani. Basi akamwita msichana wa kazi amzibie. Achieng' alikuwa akituigizia sauti yake: "Taratibu, wewe. Hiyo pua, si bomba ya maji." Ba alipokufa, wanawe walihamia Kisumu, na Achieng' akaanza kuuza uji langoni mwa hospitali. Hapo ndipo alipomwona mwanamume aliyetetemeka mikono hata uji ukamwagika, akamfanyia kile alichozoea kumfanyia bibi. Mikono ya Ouma haikuweza kutulia usoni pake. Kwa hiyo akatumia yake. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sijaona mahali ambapo mtu alikosea. Wivu ungekuwa mwepesi kuubeba kama ningepaona.

Aliporudi nyumbani Ouma hakuweza kulala kwangu. Nataka kuieleza nyumba ile kwa sababu haipo tena. Ilikuwa ya udongo, imepakwa vizuri, nilipaka mwenyewe, na paa la mabati. Chumba cha kulala kilikuwa na dirisha moja dogo, na mlango wa mbao wenye komeo. Kitanda kilikuwa ukutani, mimi upande wa ukuta, yeye upande wa nje. Nilikuwa nikilala kimya kabisa. Nilibana hata pumzi ili nisimsumbue, na ili nisikie kama usingizi umemchukua. Haukumchukua. Baada ya muda aliketi, akatafuta magongo, akatoka kwenda kuegemea ghala la mahindi, na asubuhi ikamkuta huko. Mchana nilimlisha. Omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga na nyanya, mboga chungu ya osuga niliyoichemsha na maziwa siku mbili mpaka uchungu ukaisha, samaki mzima kila nilipompata. Alikula vizuri. Mikono ilitetemeka, lakini alikula. Nilijiambia kwamba mtu anayekula atalala.

Jioni moja akaweka kikombe chini akasema, "Mama Odhiambo, nataka kuleta mtu."

"Mtu gani?"

"Yule wa uji."

"Uji hata mimi najua kupika."

Alikishika kikombe tena, akakiacha. Kisha akasema, "Si uji."

Mama mkwe, aliyekaa katika boma la zamani ng'ambo ya shamba, alilipokea jambo hilo vizuri kuliko nilivyotaka. Nilimsikia nje ya jikoni yangu akimwambia rafiki yake, "Mwanamume anayefikiria kuoa amepona." Rafiki yake akasema, "Lakini wanasema huyo mwanamke ana dawa ya pua." Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. "Basi aje na yangu aizibue." Kisimani maneno yalikuwa makali zaidi. "Wengine tumewashika waume zetu kwa tumbo," mwanamke mmoja aliniambia akinitwika mtungi, "mwenzako amemshika kwa pua. Sasa ng'ombe wanafungwa wapi, si puani?" Wote wakacheka, nami nikacheka, maji yakinimwagikia shingoni.

Nyumba ya Achieng' ilijengwa upande wa kulia wa yangu, kama desturi ya mke wa pili. Alihamia kabla fundi hajaleta mlango. Mlangoni palining'inia kanga tu. Na usiku ule wa kwanza Ouma alilala mpaka jua likapanda. Nilijua kwa sababu niliamka nikaenda ghalani, na ghalani hapakuwa na mtu. Nilijiambia ni kwa sababu ya mlango. Mtu aliyefukiwa anaogopa mlango, na pale mlango haupo. Hesabu yangu ikawa hiyo, nikaishikilia. Ulipofika wakati wa fundi nilimkaribisha kama ndugu, nikampa chai na viazi, nikamwambia bawaba zikazwe vizuri, komeo liwe zito. Nilikuwa na hakika kwamba jioni mume wangu atatoka mbio. Nilikaa mlangoni pangu nikichambua mboga ambayo ilikuwa imeshachambuliwa. Nikasikia komeo likifungwa. Kisha sikusikia kitu tena. Asubuhi Ouma alipita mbele ya nyumba yangu akipiga mluzi, akaniuliza kama uji uko tayari.

Maisha yakawa hivyo. Ouma alikula kwangu akalala kwa mwenzangu. Achieng' hakujua kupika. Ugali wake ulikuwa laini kama wa mtoto, samaki wake walivunjika sufuriani, na mimi nilifurahi kila Ouma alipovuka ua kuja kutafuta chakula. Lakini kabla ya uji, kila asubuhi, waliketi nje ya nyumba yake, yeye kwenye kigoda, Achieng' amepiga magoti mbele yake. Kidole gumba huku, kidole cha pete kule. Nilikuwa nikifagia ua wakati huo. Ua wangu haujawahi kuwa safi kama mwaka ule.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya nyumba yake, kwenye ua wa miti, nikichuma kunde. Nilimsikia Ouma akizungumza. Alikuwa akimweleza habari za shimoni. Mimi hakuwahi kunieleza. Nilipomwuliza, alisema tu, "Kulikuwa giza." Sasa nilimsikia akisema kwamba Otieno hakufa udongo ulipoanguka. Walilala karibu, mkono wa Otieno umegusa mgongo wake, hawakuweza kugeuka. Walizungumza mpaka Otieno akachoka kuzungumza. Baada ya hapo Ouma alikuwa akimsikiliza akipumua. "Nilijua niko na mtu," alisema. "Kisha nikasikiliza, nikasikiliza." Nilikuwa nimesimama na kunde mkononi, na yanipasa niseme ukweli kwamba sikumwonea huruma Otieno wakati ule, wala mume wangu. Niliwaza, maneno hayo yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeota moto na mke wa Otieno siku tatu za matanga. Mimi ndiye niliyefua nguo zilizojaa udongo ule. Na maneno yamekwenda kwa mwuza uji.

Kisha mvua ikaja, na hapo jambo letu likawa jambo la watu wote. Katika desturi yetu mbegu haianzi kuingia ardhini hivi hivi. Mume hulala katika nyumba ya mke wa kwanza, na asubuhi mke wa kwanza hupanda. Baada yake ndipo wengine wa boma wanapanda. Nisipopanda mimi, Achieng' hawezi kupanda, wala shemeji yangu aliyekuwa amejenga langoni kwetu. Mama mkwe alikuwa ameshapanda kwake. Alikuja akaketi kwenye kigoda chini ya upenu wa nyumba yangu, akatazama mvua.

"Nyar Rongo," aliniambia, maana mimi nimetoka Rongo, "majirani mahindi yao yameota. Unangoja nini?"

"Muulize mwanao, Mama."

"Mwanangu ana miguu. Ni wewe mwenye nyumba."

Ouma hakukataa. Alikuja jioni ile, akala, akaingia chumbani, akalala chali. Nilinyamaza kama jiwe. Hakukaa hata kidogo, jasho likamtoka, akatoka kwenye mvua bila viatu. Siku iliyofuata vilevile. Shemeji yangu akaanza kupita mbele ya mlango wangu na jembe begani, akinisalimia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Na mimi, nikiwa nimekasirika hivyo, nilifanya jambo ambalo nadhani mke wa kwanza tu wa huku kwetu angelifanya. Nilikwenda kwa Achieng' nikasimama mlangoni pake.

"Katika boma hili kila kitu huanzia kwangu," nikasema. "Kupanda, kupalilia, kuvuna, hata kuonja mahindi mabichi. Na hili la pua lilipaswa lianzie kwangu. Kuanzia leo humshiki mpaka nimshike mimi kwanza."

Nilitazamia ugomvi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Achieng' alinitazama tu, kisha akasema, "Sawa, Mikayi." Na asubuhi iliyofuata Ouma akaja kwangu na kigoda chake, mtiifu kama mtoto anayepelekwa kunyolewa.

Nilikuwa nimeona kwa mbali. Nilidhani kazi iko kwenye nguvu. Nilimbana pua sawasawa, upande huu na upande ule, na vidole vyangu vilikuwa vimetoka kwenye omena. Alipiga chafya, akajaribu tena, akapiga chafya nyingine.

"Vuta," nikamwamuru.

"Nivutie wapi? Umeziba zote mbili!"

"Achieng' hazibi?"

"Achieng' huziba moja, Mama Odhiambo. Nyingine anaiachia mwenyewe."

Tulicheka, na sitasahau kwamba tulicheka, kwa sababu ulikuwa umepita muda mrefu tangu tucheke pamoja. Lakini siku ya tatu kicheko kilikuwa kimekwisha. Mtetemo wa mikono ulirudi. Alidondosha kikombe cha chai mbele ya watoto. Kule kwa Achieng' pia usingizi ukawa umekatika, nikaanza kumwona tena ghalani alfajiri, ameegemea, macho wazi. Nilikuwa nimepata haki yangu, na ilikuwa ikimwua. Mvua iliendelea kunyesha. Shamba langu jekundu lilikuwa tupu katikati ya mashamba ya kijani, na mtu yeyote aliyepita barabarani aliweza kusoma habari za chumba changu cha kulala.

Nilirudi kwa Achieng' mchana mmoja Ouma alipokwenda hospitali kuangaliwa mguu. Alikuwa anapepeta mtama. Sikuketi.

"Nifundishe," nikasema.

"Nikufundishe kumshika yeye, au nikufundishe kupumua?"

"Kuna tofauti?"

"Ba alikuwa akisema asiyejua ya kwake asiguse ya mwenzake." Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kanga. "Kaa, Mikayi. Mgongo wima. Hapana, usijikaze hivyo, hatupigani."

Akapiga magoti mbele yangu, mahali pale pale alipopigia magoti mbele ya Ouma. Akaziba tundu la kulia kwa kidole gumba. Kilikuwa baridi na kikavu, kinanuka mtama. Hakubana. Kilikaa tu, kama kipepeo aliyetua. "Vuta polepole kwa kushoto. Usiimalize hewa yote ya boma, wengine tunaihitaji." Kidole cha pete kikafunga kushoto, gumba likainuka. "Sasa toa kwa kulia. Yote. Sasa vuta kwa hapo hapo kulia. Geuza." Hewa iliingia nyembamba na baridi, ikatoka na joto. Mwanzoni nilisikia mtama, kisha mvua, kisha nikaacha kusikia. Vidole vilikuja na kuondoka. Sijui tulikaa muda gani. Ninachojua ni kwamba mabega yangu, ambayo sikujua yalikuwa juu, yalishuka, na machozi yalitoka bila kilio, yakapita juu ya vidole vyake, naye hakuviondoa wala hakuniuliza kitu.

Watu wakisimulia mambo kama haya husema kwamba hapo ndipo wivu ulipokwisha. Wangu uliongezeka. Kabla ya hapo nilikuwa naona vidole vya mwanamke usoni pa mume wangu. Sasa nilijua vilivyo. Nilijua anachokipata kila asubuhi, na nilijua kwamba mimi, kwa samaki wote na osuga yote, sijawahi kumgusa mtu hivyo. Nilielewa kwa nini alimleta. Kuelewa kulinichoma kuliko kutoelewa.

Nikajifuta uso nikamwuliza lile ambalo mwanamke hamwulizi mke mwenzake. "Usiku, akilala hapa, unafanya nini?"

"Napumua," akasema.

"Kila mtu anapumua."

Akaokota ungo wake. "Wewe hupumui, Mikayi. Anasema kwako ni kimya. Anasikiliza, anasikiliza, hasikii mtu."

Kwa hiyo walikuwa wamenizungumzia. Hilo lilinipiga kwanza. La pili lilinifikia nilipokuwa katikati ya ua, nikirudi kwangu, na nikasimama pale kwenye manyunyu. Kila usiku nilikuwa nikijibana nikidhani namhurumia, naye amelala kando yangu gizani akingoja kusikia kama mtu aliye karibu naye bado yuko.

Jioni ile ilinyesha kwa nguvu, na upepo ulisukuma mvua ndani hata ikanibidi nifunge mlango. Niliona Ouma, aliyekuja kujaribu tena, alivyotazama komeo. Sikumshika. Niliketi kitandani, mgongo wima, nikaziba tundu moja la pua kwa kidole changu mwenyewe, nikavuta hewa ikasikika, nikaitoa ikasikika. Sikuona haya. Nilihema kama ng'ombe anayerudi kutoka malishoni. Yeye aliketi kwanza, kisha akalala chali, kisha akageuka upande wangu. Hatukusema neno. Nilipojilaza sikuibana pumzi, niliiachia iende na kurudi kwa sauti, mpaka nikasikia yake ikianza kufuata yangu, kisha ikaiacha, ikaenda njia yake, nzito, na mkoromo nyuma yake. Alfajiri alikuwa bado pale, mdomo wazi, mate kwenye mto wangu.

Asubuhi nilipanda. Ardhi ilikuwa laini, mashimo yalijaa maji kabla sijatia mbegu. Mama mkwe alikuja hadi mpakani akapiga kigelegele kimoja kifupi. Achieng' alisimama pembeni na jembe lake, akingoja nimalize mstari wa kwanza ndipo aanze wake, na shemeji yangu nyuma yake. Nilikuwa mwanamke mwenye heshima yake. Niliinua kichwa nimtafute Ouma, aliyekuwa ameegemea gongo moja kando ya shamba. Alinitazama, akatabasamu. Kisha macho yake yakaniacha, yakamtafuta Achieng', kama mtoto aliyefaulu anayetaka aliyemfundisha aone. Naye akaona, akaitikia kidogo kwa kichwa. Niliinama nikaendelea kupanda.

Mahindi yetu yalikomaa nyuma ya yale ya majirani, lakini yalikomaa. Baada ya hapo Ouma alilala kwangu zamu yangu na kwa Achieng' zamu yake, milango ikifungwa. Mwaka ulipokwisha mikono yake ilikuwa imetulia, aliweza kuziba pua yake mwenyewe. Lakini asubuhi aliendelea kwenda kwake. Sikuuliza. Tuliishi hivyo mpaka sote tukaota mvi, tukilea watoto wa kila mmoja, tukigombana juu ya kuku na kuni, na Achieng' akaniita Mikayi mpaka siku alipopoteza sauti hospitalini.

Sasa desturi ni kwamba mume aliyefiwa na mke hulala katika nyumba ya marehemu mpaka amwote. Akishamwota, wameagana, yuko huru kuingia kwa mke aliyebaki. Siku hizi wengi hawafuati. Mchungaji alisema si lazima. Odhiambo, mwanangu, alimwambia kabla ya kurudi kazini, "Baba, na hayo magoti yako, nenda kwa Mama kwenye godoro zuri." Ouma akajibu, "Sijamwota," na akaingia kule. Hakuna aliyemlazimisha. Ningependa kuandika kwamba alikwenda kwa sababu ya kuheshimu mila, lakini namjua.

Kila asubuhi nampelekea uji mlangoni. Namwuliza kama amemwota, ananiambia bado. Shemeji yangu alimwota wake kabla wageni wa matanga hawajaondoka. Wengine huwachukua siku chache. Ouma mvua imemkuta humo, na mwezi umeandama akiwa humo.

Juzi nilitoka kuwafungulia kuku kukiwa kunapambazuka. Nilipopita chini ya dirisha la Achieng' nilimsikia Ouma akicheka usingizini. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu anayetaniwa na mtu amjuaye sana, na baada yake akasema maneno mawili matatu ambayo sikuyashika. Nilisimama. Nilikuwa na kikapu cha mahindi mkononi na kuku walinizunguka miguuni. Nilingoja mpaka nikasikia akiamka, akitafuta viatu vyake, ndipo nikaenda kuleta uji.

Alifungua mlango. Uso wake ulikuwa umetulia, mdogo kwa miaka mingi.

"Umeamkaje, Baba Odhiambo?"

"Vizuri."

"Umemwota?"

Alipokea kikombe kwa mikono yote miwili. Akatazama ndani ya uji, wala si usoni pangu.

"Bado," akasema.

"Haya," nikamwambia. "Labda kesho."